Kinywa Kimoja cha Maji

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, mzee Enoki Mtweve alijitupia blanketi begani akaenda nyuma ya nyumba kugonga masufuria. Yalikuwa yamepangwa kifudifudi kando ya ukuta, yale aliyoyasubu mwanawe jana yake. Mzee aliinama, akagonga moja kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akasogea kwa la pili. Sufuria zima liliitika kwa sauti ndefu. Lenye tundu, hata liwe tundu dogo lisiloonekana kwa macho, lilisema pu, likanyamaza. Yale yaliyonyamaza aliyageuza yakatazama juu, ili mwanawe akiamka ajue yapi yarudi motoni bila kuambiwa na mtu.

Miezi ile ya baridi yaliyotazama juu yalizidi yaliyolala.

Mwanawe aliitwa Yoramu. Alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, wakati wa vita, na huko jeshini walimweka kwenye karakana ya magari, akajifunza kusubu, yaani kuyeyusha alumini na kuimimina kwenye kalibu ya mchanga. Aliporudi hakukaa kwao Mawengi. Alijenga Makambako, penye njia panda, kwa sababu malori ya Iringa, ya Mbeya na ya Njombe yote yalipita pale, na malori yakipita sana, mengine hufia hapohapo. Bistoni za injini zilizokufa ndizo zilikuwa shamba lake. Alichimba shimo nyuma ya nyumba, akalizungushia udongo wa kichuguu, akatia ndani kopo zito la chuma la kuyeyushia. Mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi ilipuliza kutoka chini. Aliyeivukuta alikuwa mkewe, Jeni, binti wa Kibena kutoka Kidugala. Alianza kuvukuta mtoto wao Oktavia akiwa bado mgongoni.

Mzee Enoki alipofiwa na mkewe akaletwa kukaa pale, jambo la kwanza alilolitazama ni huyo mwanamke kwenye mivukuto. Kesho yake alimwambia mwanawe kwa Kipangwa kwamba kwao, tanuri likiwaka, mwanamke hapiti hata kwenye njia ya kuendea. Yoramu akamjibu kwa upole kwamba hiki si chuma, baba, na watu wa kuvukuta wengine hana. Mzee akayaacha hapo. Baadaye alimwona Jeni anavyovukuta, mkono huu ukipanda mwingine ukishuka, hachoki wala haharakishi, akakiri moyoni kwamba vijana wengi wa zamani hawakumfikia. Lakini kukiri moyoni ni kukiri moyoni tu.

Yeye mwenyewe alizaliwa kwenye chuma. Baba yake na babu yake waliyeyusha mawe ya chuma huko Mawengi, kwenye matanuri marefu kuliko mtu, na Enoki alikuwa kijana mwenye ndevu chache alipokabidhiwa kazi ya kuliambia tanuri. Waliita hivyo, kuliambia. Kabla ya moto kuwashwa, mtu mmoja alichukua maji yaliyokorogwa na unga wa ulezi na magamba ya mti fulani, akajaza kinywa, akayapuliza ndani ya tumbo la tanuri huku akiyataja kimoyomoyo majina ya wahenga waliolala. Tanuri lililoambiwa lilizaa. Tanuri ambalo halikuambiwa lilitoa mavi ya chuma matupu, watu wakarudi nyumbani na masizi usoni na aibu. Enoki alikuwa ameona yote mawili, na hakuna mtu angeweza kumwambia hakuona.

Kisha majembe ya dukani yakaja. Yalikuwa mepesi, yamefanana kama mapacha, na hayakuhitaji mtu alale mbali na mkewe siku nane ndipo yapatikane. Mwaka wa kwanza watu waliyacheka. Mwaka wa tatu waliyacheka ya Enoki. Tanuri la mwisho lilibomokea mvuani na hakuna aliyelijengea paa. Enoki akalima kama watu wengine, akabatizwa akiwa mtu mzima, akapewa jina la Enoki, na mbele ya mchungaji akatupa motoni kile kifuko cha magamba. Tangu siku hiyo hakupuliza maji popote.

Alikuwa na watoto wawili wa kiume. Wa kwanza, Filbert, alijiandikisha umanamba kabla ya vita, akapandishwa lori pamoja na wenzake kwenda kukata mkonge Tanga. Ilikuja barua moja. Mwalimu aliwasomea: mimi mzima, joto ni kali, nitakuja baada ya kipande hiki. Vipande vya mkataba vikaisha, vikaanza vingine, na barua nyingine haikuja. Mama yake alikufa akiwa bado anauliza kila lori limetoka wapi. Kwa hiyo mzee alikuwa na hofu moja tu duniani, na hofu hiyo ilikuwa na sauti ya lori.

Na pale Makambako malori ya manamba yalisimama mita mia mbili kutoka nyumbani.

Aliyeandika majina alikuwa karani mmoja aitwaye Kefa, mtu wa maneno mengi na viatu vizuri. Alikuwa akipita kwa Yoramu kuota moto na kumtania. Siku moja alilishika sufuria moja kati ya yale yaliyokuwa yakitazama juu, akaliinua kwenye jua akatumbulia jicho ndani.

"Fundi, niambie ukweli," akasema. "Haya ni masufuria au machujio? Mama watoto wangu anatafuta la kuchujia chai."

"Chai utainywa lini wewe," Yoramu akamjibu, "na sukari unalamba kwa wenzako?"

Wakacheka wote, Jeni naye, mkono mdomoni. Kefa akaliweka sufuria chini taratibu. "Nakutania, bwana. Lakini mkonge hauvuji. Siku ukitaka, kalamu ninayo."

Mzee Enoki hakucheka. Alimwangalia mwanawe, akaona kwamba mwanawe hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha.

Maana mambo yalikuwa yameharibika kweli. Shule moja ya bweni ilikuwa imemwagiza Yoramu masufuria makubwa sita ya kupikia uji wa wanafunzi. Matatu ya kwanza yalipelekwa, yakawekwa motoni, uji ukadondokea kwenye moto. Mwalimu Lukas, aliyekuwa msimamizi wa jikoni, aliyarudisha mwenyewe juu ya baiskeli, wala hakufoka, na labda angefoka ingekuwa nafuu. Alisema atangoja sufuria moja tu. Likilala na maji usiku kucha bila kuvuja, atachukua yote sita, na muhula ujao mengine. Likivuja, basi, ataagiza Iringa. Sokoni nako habari ilikuwa imefika. Akina mama walikuwa wakilimiminia maji sufuria la Yoramu palepale kwenye meza, wakalitazama chini ya tako, wakaliacha likidondoka.

Yoramu alisema tatizo ni unyevu. Ukungu wa Makambako unaingia kwenye makaa, bistoni zina mafuta, alumini inakunywa vyote hivyo ikiwa moto, ikipoa inavitema, na pale inapotema ndipo panapobaki tundu. Alimweleza baba yake hivyo zaidi ya mara moja. Mzee alisikiliza kwa heshima kama anayesikiliza mahubiri ya lugha ngeni. Alijua anachokijua. Metali ilikuwa inatoka mfu kwa sababu hakuna aliyeambiwa. Mwanawe alikuwa anazalisha bila kuwajulisha wenyewe waliolala.

Ijumaa jioni, wakiwa wanakula, Yoramu akasema alilokuwa nalo.

"Baba, kesho nasubu lile la shule. Hili nalo likivuja, Jumatatu napanda lori. Nimeshaongea na Kefa."

Jeni aliendelea kumlisha Oktavia, lakini kijiko kilisimama hewani.

"Na mwenzako alipanda," mzee akasema.

"Mimi si Filbert."

"Filbert naye alisema yeye si fulani."

Yoramu akanawa mikono. Akasema hataki wawe watu wa kushikana miguu, mtoto anataka kula na kodi haingoji masufuria yapone. Kisha akatoka kwenda kufunika mchanga usinyeshewe na ukungu.

Mzee Enoki hakupata usingizi. Alfajiri alikwenda mpaka ukingo wa msitu mdogo ulioko nyuma ya makaburi, akakwangua magamba ya mti aliokuwa akiupita kila siku kwa miaka miwili akijifanya haujui. Aliyaficha kwenye mkunjo wa blanketi. Unga wa ulezi aliuchota mwenyewe kwenye kapu la Jeni, kiganja kimoja. Alijua anavunja ahadi aliyoitoa mbele ya mchungaji. Alijisemea kwamba atatubu baadaye, akiwa na mwanawe nyumbani.

Hakuwa mjinga wa moto, ijapokuwa watu walikuja kusema hivyo. Alikuwa amemchungulia Yoramu akifanya kazi mwaka wa pili huo. Alimwona akiuchanganya mchanga kila asubuhi, akijaza maji kinywani na kuyapuliza juu yake, fuu, fuu, mpaka mchanga ushikane ukiukamata mkononi. Mwanawe mwenyewe alipuliza maji. Basi maji na alumini vilikuwa vinajuana. Ambacho mzee hakukielewa ni kwamba mchanga ulitaka ubichi kidogo tu wa kushikana, na kwamba kalibu ikishafungwa, Yoramu aliikausha mdomo na tumbo kwa makaa mekundu hadi isibaki hata jasho. Mzee aliona makaa yakitiwa na kutolewa, akadhani ni kuipasha moto, kama mtu anavyopasha chungu kabla ya kutia mafuta.

Jumamosi ikawa na jua, jambo la nadra wakati ule. Yoramu alitengeneza kalibu kwa uangalifu ambao hakuwa amewahi kuuonyesha. Aliikausha mara mbili. Aliegemeza shavu karibu na ule mdomo wa kumiminia, akanusa, akaridhika. Jeni akavukuta. Bistoni zikaanza kulala ndani ya kopo kama watu waliochoka, halafu zikawa kitu kimoja cheupe kinachotetemeka. Oktavia alikuwa amefungiwa ndani na kibuyu cha kuchezea.

Yoramu akageuka kuchukua koleo, akainama kwenye shimo kuondoa taka zilizoelea juu. Jeni alikuwa ameuelekea moto. Wote wawili walikuwa wameipa kalibu mgongo.

Mzee alikuwa amekaa kando ya kalibu na kikombe chake cha bati chenye maji ya ulezi na magamba. Akajaza kinywa. Akainama juu ya ule mdomo, kwa upole kama anayetaka kumwamsha mtoto, akapuliza. Akayataja majina: baba yake, babu yake, na mwisho, bila kukusudia, akamtaja Filbert, ambaye hakuwa na hakika kama yumo miongoni mwa waliolala. Akajifuta midomo kwa blanketi akarudi nyuma. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Tangu tanuri la mwisho la Mawengi hakuwahi kujisikia fundi namna ile.

Yoramu akaja na kopo kwenye koleo, akapiga goti moja, akamimina.

Haukuwa mshindo mkubwa. Ulikuwa kama gunia la mahindi lililoangushwa kutoka begani. Mchanga ukanyanyuka, na kwenye ule mdomo ikaruka fimbo nyeupe ya alumini, fupi, ikampiga Yoramu usoni na kupasukia hapo. Alianguka kwa ubavu. Koleo hakuliachia mpaka alipokuwa chini. Hakupiga kelele, aliuliza mara mbili, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Oktavia yuko wapi? Oktavia yuko wapi?"

Lori lililokuwa linapanda Njombe lilimchukua juu ya magunia, Jeni amempakata kichwa. Mzee alibaki na mtoto. Alizima moto kwa mchanga. Kikombe chake alikiosha, akakitundika mahali pake.

Wiki ya nne Yoramu alirudishwa kutoka hospitali ya misheni akiwa ameshikwa mkono. Jicho moja lilikuwa limekwenda. La pili liliona mwanga, wakaambiwa, kama mtu anavyoona akiwa amejifunika shuka, na halitazidi hapo. Uso ulikuwa umevutwa upande mmoja. Oktavia alimkimbia, akajificha kwa babu yake, na Yoramu alisikia nyayo zake zikikimbia.

Alichokuwa akikitafuta Yoramu siku zile zote kilikuwa ni kosa lake. Aliomba aletewe mchanga kwenye karai. Aliukamata, akauvunja, akaukamata tena. Alimuuliza Jeni: uliniona nikikausha? Mara ngapi? Makaa yalikuwa mekundu au yalishaanza jivu? Jeni alimjibu kila mara, na kila mara alirudia kuuliza. "Nimekosea wapi," alisema, "mimi ambaye nimemimina mara elfu." Usiku alikuwa akisubu kwa mikono mitupu juu ya blanketi, akihesabu hatua. Mzee alilala chumba cha pili na kuta zilikuwa za fito. Alisikia yote.

Na hakusema.

Alijiambia kwanza mwanawe apone. Kisha akajiambia majeraha yafunge. Kisha, majeraha yalipofunga, hakuwa tena na la kujiambia, akawa anatoka asubuhi na kurudi jioni.

Ndipo akaja Ezekia, mdogo wake Enoki, kutoka Mawengi, na jamaa wengine wawili, kwa miguu, kuja kutoa pole. Walikaa siku mbili. Siku ya pili Ezekia akasema wayazungumze hayo kwenye kikao. Waliketi ndani, Yoramu kwenye kiti, Jeni chini karibu na mlango. Ezekia alianza mbali, akapitia ukoo, akapitia chuma, halafu akafika alikotaka kufika.

"Tangu lini mwanamke akavukuta?" akauliza. "Nauliza tu. Baba yetu angekuwepo, angeuliza hilohilo. Mwanamke amepuliza moto miaka mitatu, halafu tunashangaa moto umetujibu."

Akaendelea kusema kwamba hamchukii binti wa watu, ila arudi Kidugala kwa wazazi wake, mtoto abaki kwa ukoo, na Yoramu apelekwe Mawengi akatengenezwe kimila. Jamaa wengine walitikisa vichwa kukubali. Yoramu alijaribu kusema Jeni hana kosa, kosa ni la mchanga, kosa ni langu mimi. Wakamwambia anyamaze, mgonjwa hajitetei wala hatetei. Jeni hakulia. Alikuwa ameshaanza kuangalia huku na huku, kama mtu anayepima vitu gani ni vyake.

"Kaka," Ezekia akasema, "wewe ndiye mtu wa chuma uliyebaki. Sema, tufunge."

Mzee Enoki alikuwa ameshika magoti yake.

"Mwacheni mtoto wa watu," akasema. "Niliiambia kalibu. Mimi. Kwa maji ya ulezi, kabla hajamimina."

Katika wote waliokuwa mle ndani, Yoramu peke yake ndiye aliyesogea. Aligeuza uso ule uliovutwa kuelekea sauti ya baba yake ilikotoka.

"Maji kiasi gani, baba?"

"Kinywa kimoja."

Yoramu akapumua, pumzi ndefu, mabega yakashuka. "Basi mchanga ulikuwa mkavu," akasema polepole. "Jeni, umesikia? Mchanga ulikuwa mkavu." Akarudia mara ya tatu, na kwenye hiyo ya tatu sauti ikakatika, akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

Jamaa waliaga kabla jua halijazama, ingawa walikuwa wamepikiwa. Suala la Kidugala hakuna aliyeligusa tena. Jeni aliondoa vyombo, akamfunika mumewe blanketi, akatoka uani ambako mzee alikuwa amekaa juu ya jiwe. Alisimama mbali kidogo, kama inavyompasa mkamwana, akainamisha macho, na sauti yake haikuwa na hasira.

"Ulitaka abaki, baba. Amebaki."

Akaingia ndani.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Jeni, akiwa jikoni anakoroga uji, alimwona mzee akipita mlangoni na fimbo na blanketi. Alidhani anakwenda haja. Oktavia alimfuata mpaka barabarani, akarudi akasema babu amemwambia arudi kwa sababu kuna baridi. Baadaye Kefa alisimulia kwamba mzee alifika kwake kabla malori hayajawashwa, akavua kofia, akaomba aandikwe jina, akakate mkonge badala ya mwanawe. Kefa alidhani ni utani. Akamwambia, mzee wangu, mkonge wenyewe una umri mdogo kuliko wewe, nenda nyumbani ukanywe uji. Watu waliokuwa juu ya lori wakacheka. Mzee akasubiri wamalize kucheka, akavaa kofia, akamshukuru. Kisha akashika barabara ya Iringa, ile ya kuendea Tanga, kwa miguu, upande wa kushoto, na malori yalipompita dereva wa mwisho alimpigia honi asogee, akasogea.